UZI: Feri za visiwa vya Ugiriki. Njia, bandari, tiketi, upepo, na yanayoharibu safari

MzeeWaGati

Heshima kwenu wakuu.

Kila kiangazi cha Ulaya kikikaribia, swali huwa lilelile: mtu ana siku nane au tisa, anataka Mykonos, Milos, Naxos, Santorini na Krete, anaomba apangiwe. Nafungua uzi huu majibu yakae mahali pamoja. Wenye ujuzi ongezeni, na nilipokosea nisahihishwe.

Kosa linalozaa makosa mengine yote ni kupanga safari kwa kutazama ramani. Panga kwa kufuata njia za meli. Feri za kule hutembea kama daladala, kila moja na njia yake na vituo vyake. Njia kuu ya visiwa vya Cyclades (kundi la katikati ya bahari ya Aegean, kati ya Ugiriki na Uturuki) inatoka Piraeus, bandari kuu ya Athens, inapita Paros, Naxos, mara nyingine Ios, kisha Santorini. Njia ya magharibi inashika Kythnos, Serifos, Sifnos, Milos. Ya kaskazini inatoka Rafina, bandari nyingine ya Athens: Andros, Tinos, Mykonos. Ukikaa ndani ya njia moja, meli ni nyingi na mambo ni mepesi. Kuruka njia moja kwenda nyingine ndiko kunakoponza. Sifnos na Paros kwenye ramani ni majirani, lakini nje ya Julai na Agosti unaweza kukuta meli ya moja kwa moja ni chache sana kwa wiki, na ikabidi urudi Piraeus uanze upya.

Kwa hiyo mwenye siku tisa achukue Paros, Naxos na Santorini, basi. Akitaka Krete, kati ya Aprili na Oktoba kuna boti za kasi kutoka Santorini hadi Heraklion, kama saa mbili hivi, halafu arukie ndege hukohuko Heraklion badala ya kurudi Athens. Majira ya baridi boti hizo hazipo, msije mkazitegemea Januari.

Visiwa vya Ionia (Corfu, Kefalonia, Zakynthos) viko upande mwingine wa nchi. Hakuna feri inayoviunganisha na Cyclades. Corfu unaipata kutoka Igoumenitsa, Zakynthos kutoka Kyllini.

Muda wa safari kwa meli kubwa za kawaida kutoka Piraeus: Paros saa nne na kitu, Naxos saa tano na kitu, Santorini saa saba na nusu hadi nane. Heraklion ni safari ya usiku, unapanda kama saa tatu usiku unashuka alfajiri. Rhodes ni saa 12 na kuendelea, kutegemea vituo. Boti za kasi hupunguza muda kwa theluthi au zaidi, na nauli yake hukaribia mara mbili.

Kibwana_Shela

Shukrani Mzee. Naongeza la bandari, maana wengi hukwama hapo kabla hata ya kuiona meli.

Athens ina bandari tatu. Piraeus ndiyo kubwa. Rafina iko karibu zaidi na uwanja wa ndege, nusu saa hivi kwa basi la KTEL (mabasi ya mikoani), kwa hiyo anayeshuka kwenye ndege na kwenda moja kwa moja Mykonos, Tinos au Andros aitazame Rafina kwanza. Lavrio ni ya Kea na Kythnos. Someni tiketi imeandikwa bandari gani. Mtu akienda Piraeus na meli yake iko Rafina, hiyo meli haipati tena, ni upande wa pili wa jiji.

Piraeus penyewe ni pakubwa mno. Magati yamegawanywa kwa mageti yenye namba kuanzia E1. Kwa kawaida E6, E7 na E9 ni Cyclades. E8 ni visiwa vya Saronic (Aegina, Poros, Hydra, Spetses). E2 na E3 Krete. E1 ni Rhodes, Kos na wenzake. Namba hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo angalia ujumbe wa kampuni jioni ya kuamkia safari. Kituo cha metro kiko karibu na E6 na E7, unavuka barabara kwa daraja la waenda kwa miguu. E1 ni mbali, zaidi ya kilomita moja na mzigo mkononi chini ya jua. Kuna basi la bure ndani ya bandari linalopeleka watu upande wa E1 hadi E3. Mahesabu yako yaongezee dakika 20 kwa ajili yake.

Kutoka uwanja wa ndege, metro ya bluu (laini ya 3) inafika Piraeus bila kubadilisha tangu Oktoba 2022. Ni kama saa nzima. Usiku metro hulala, basi X96 halilali. Meli nyingi za Cyclades huondoka kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi, hivyo ndege yako ikitua usiku wa manane panda X96 au teksi, au ulale Piraeus.

Binti_Kisauni

Jamani na saa! Hili naliweka kwa herufi nzito kwa sababu ni letu sisi. Tiketi zinaandikwa kwa mtindo wa saa 24. 07:30 ni saa moja unusu asubuhi. 17:30 ni saa kumi na moja unusu jioni, hiyo 5:30 ya Kizungu isikudanganye. Na meli za usiku wa manane ndizo mbaya zaidi: tiketi ya 00:05 Jumamosi maana yake unakwenda bandarini Ijumaa usiku. Ukienda Jumamosi usiku umechelewa kwa saa 24 kasoro dakika tano.

Kisha majina. Ubao wa bandarini na maandishi ya ubavuni mwa meli yanaweza kuwa ya Kigiriki tupu. Santorini huitwa Thira (ΘΗΡΑ). Corfu ni Kerkyra. Lesbos mara nyingi huandikwa Mytilini, jina la mji wake. Kuna Poros mbili: kisiwa cha Saronic, saa moja tu kwa boti ya kasi kutoka Piraeus, na bandari ya Poros iliyoko Kefalonia, bahari nyingine kabisa.

Visiwa vyenye bandari zaidi ya moja navyo ni mtego. Amorgos ina Katapola na Aegiali, na kati yake ni mlima. Ikaria ina Evdilos na Agios Kirykos. Samos ina Vathy, Karlovasi na Pythagoreio. Karpathos ina Pigadia na Diafani. Kabla hujalipia chumba, hakikisha meli yako inatia nanga bandari ipi, na unapoondoka hakikisha tena, kwa sababu meli ya kurudia inaweza isipitie ulikoshukia.

Mgeni_Mtaratibu

Asante dada. Naomba kuuliza, tiketi zinunuliwe mapema kiasi gani? Na je, lazima kuchagua siti?

MzeeWaGati

Inategemea mwezi, mkuu. Mei, Juni mwanzoni, na kuanzia katikati ya Septemba, abiria wa miguu akinunua wiki moja kabla hana wasiwasi. Wiki inayozunguka Agosti 15 ni nyingine kabisa. Hiyo ni sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, Wagiriki wenyewe wanarudi visiwani, na Tinos hasa hujaa mahujaji. Kwa wiki hiyo nunua miezi miwili kabla. Gari na vyumba vya kulala huisha mapema kuliko viti, mwezi wowote. Mwaka mpya ukianza si kila ratiba iko tayari. Kampuni nyingine huchelewa kuzitoa hadi Machi au zaidi. Ukitafuta Januari na kuona tupu, usidhani njia imefutwa.

Madaraja: tiketi ya chini kabisa kwenye meli kubwa ni ya sitaha. Haina siti yenye namba, unakaa popote penye nafasi, ndani kwenye meza za mkahawa au nje. Kwa safari ya saa nne mchana inatosha kabisa, tena nje ndiko kuzuri. Agosti ongeza euro chache upate siti ya namba, vinginevyo utakaa kwenye ngazi. Safari ya usiku chukua kitanda katika chumba cha pamoja. Boti za kasi zina siti za namba tu, na nyingi hazina sitaha ya nje ya kukaa.

Watoto chini ya miaka 5 kwa kawaida hawalipi, ila lazima wakatiwe tiketi ya sifuri. Wenye miaka 5 hadi 10 ni nusu nauli.

Jina la kwenye tiketi lifanane na pasipoti. Sisi wenye majina matatu tuandike kama pasipoti ilivyoandika, si kama tunavyoitwa mtaani. Sheria ya Ulaya inataka kila abiria wa safari inayozidi maili 20 za baharini aorodheshwe jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na uraia, ndiyo sababu wanauliza yote hayo.

Juma_Tezi

Namna ya kupanda na kushuka ifafanuliwe, maana ni tofauti na boti za Dar kwenda Unguja.

Kule unapanda kwa mlango wa tezi, yaani wa nyuma ya meli, ule ule wanaoingilia malori. Fika Piraeus saa moja kabla, visiwani nusu saa. Onyesha tiketi mlangoni, ingia gereji, na mzigo mkubwa unaubwaga kwenye rafu za pembeni zilizoandikwa jina la kisiwa. Weka kwenye rafu ya kisiwa unachoshukia. Ukiweka ya Naxos na unashuka Paros, mzigo utafunikwa na wa wengine, na dakika za kuutafuta hazipo. Pasipoti, dawa, simu na pesa panda navyo juu. Ukishapanda, gereji hufungwa mpaka karibu na kituo.

Kwenye visiwa vya katikati ya njia meli husimama dakika tano hadi kumi. Ikitangazwa kwamba mnakaribia, shuka gereji mara moja. Utasimama kwenye joto na moshi wa malori, vumilia, kwa sababu mlango ukishuka watu na magari hutoka pamoja, kisha wa kupanda wanaingia, kisha imeondoka. Aliyebaki juu akimalizia kahawa atashukia kisiwa kinachofuata.

Na jambo la uhai: mlango ukianza kuinuliwa, umeikosa. Usiukimbilie. Meli husogea mlango ukiwa bado chini, na pengo kati ya gati na chuma hufunguka ghafla, na maji ya hapo yanachemka kwa pangaboi. Tiketi nyingine ni euro kadhaa.

Mwenye gari: dereva peke yake ndiye anaingia na gari, abiria wake wapande kwa miguu. Meli nyingi zitakuamuru uingie kinyumenyume. Mfuate yule mfanyakazi anayekupungia mkono hata kama unaona nafasi nyingine nzuri zaidi, kwa kuwa anapanga uzito na mpangilio wa kushuka. Breki ya mkono, gia ndani, king'ora zima, la sivyo kitalia safari nzima kwa mtikisiko. Gari la kukodi usilipandishe bila ruhusa ya maandishi ya mwenye gari, bima yake huenda ikakoma pale gatini. Mara nyingi ni nafuu kukodi upya kila kisiwa.

Kibwana_Shela

Ongeza Santorini, Juma. Feri hutia nanga Athinios, chini ya jabali, na barabara ya kupanda ni ya kona juu ya kona. Meli mbili zikifika pamoja foleni haisogei. Basi la kwenda Fira, mji mkuu wa kisiwa, husubiri pale pale. Toka melini wa mwanzo upate kiti. Na ile bandari ya zamani yenye gari la kamba na punda ni ya boti za meli za kitalii, feri haziendi huko.

Mykonos nako bandari mpya ya Tourlos ndiyo ya feri nyingi, mji uko kilomita mbili hivi, kuna boti ndogo inayokupeleka.

Nahodha_wa_Kusi

Naona hakuna aliyegusa upepo, na upepo ndio mwenye ratiba.

Kwetu kaskazi ni upepo wa Desemba hadi Machi. Aegean ni kinyume: upepo wao wa kaskazini, meltemi, huja kiangazi, na kilele chake ni Julai na Agosti. Chanzo chake ni mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Balkan na mdogo juu ya Uturuki. Hewa inatiririka kati yake kupitia Aegean. Kinachodanganya watu ni kwamba mbingu hubaki safi. Hakuna wingu wala tone la mvua, jua linawaka, na meli hazitembei. Huweza kuvuma siku tatu, nne, wakati mwingine wiki.

Wagiriki hupima kwa kipimo cha Beaufort. 5 na 6 ni kawaida ya kiangazi, meli kubwa inaenda, boti ya kasi inarukaruka. 7 (km 50 hadi 61 kwa saa) ndipo boti nyingi za kasi na vyombo vidogo huanza kuzuiwa. 8 (km 62 hadi 74) kwa kawaida hata meli kubwa hufungwa gatini. Anayezuia ni mlinzi wa pwani, si kampuni, na amri yenyewe inaitwa apagoreftiko. Kubishana na karani wa tiketi hakusaidii, hana mamlaka hayo.

Kubalini amri hiyo kwa moyo mmoja. Usiku wa 26 Septemba 2000 feri Express Samina iligonga miamba ya Portes, karibu kabisa na bandari ya Paros, upepo ukiwa mkali, na zaidi ya watu 80 wakafa. Uzembe kwenye usukani ndio uliogongesha, lakini bahari iliyochafuka ilifanya uokoaji kuwa mgumu mno. Bahari ile haina huruma kwa sababu tu maji yake yana rangi nzuri kwenye picha.

Basi fanyeni hivi. Siku tatu kabla tazama utabiri: tovuti ya Windy inatosha, na Poseidon, mfumo wa kituo cha Ugiriki cha utafiti wa bahari, unaonyesha urefu wa mawimbi. Ukiona 8 inakuja siku yako, badilisha tiketi uondoke siku moja kabla, wakati nafasi bado zipo. Ukingoja amri itoke utagombania viti na kisiwa kizima. Amri ikiondolewa meli huondoka mara moja, hata saa tisa usiku, kwa hiyo namba ya simu uliyoandika kwenye tiketi iwe ile unayoibeba.

Na usiunganishe feri na ndege ya kimataifa siku moja. Laleni Athens usiku wa mwisho. Agosti pungufu ya hapo ni kucheza kamari na tiketi ya kurudi nyumbani.

Binti_Kisauni

Nahodha, na kulewa bahari je? Kina mama na watoto wanateseka sana.

Nahodha_wa_Kusi

Chagua meli kubwa, hilo kwanza. Meli ya mita 140 na zaidi hukata wimbi ambalo boti ya kasi inalirukia. Kaa katikati ya chombo, sitaha ya chini inayoruhusiwa. Omo, yaani mbele ya meli, ndiyo inayopanda na kushuka kuliko pote. Toka nje ukiweza, tazama upeo wa macho, simu weka mfukoni. Dawa za dimenhydrinate au meclizine humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika kidonge hakikai. Mtoto na mjamzito waulize mfamasia kwanza. Kula kidogo kikavu, usipande na tumbo tupu.

Njia za taabu ni zile zinazokatiza wazi upande wa kaskazini. Rafina kwenda Andros inapita mlango wa Kafireas, mabaharia wanauita Kavo Doro, na upepo hubanwa pale kati ya Evia na Andros kama kwenye bomba. Bahari ya Ikaria nayo ni hivyohivyo.

Wakili_Mdogo

Kwenye haki za abiria, kwa kuwa wengi huacha pesa zao.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177/2010 ndiyo inayotumika. Meli ikifutwa, au ikitarajiwa kuondoka kwa kuchelewa zaidi ya dakika 90, unachagua wewe: upelekwe kwa chombo kingine bila nyongeza, au urudishiwe nauli ndani ya siku 7. Haki hii ipo hata chanzo kikiwa upepo. Ukilazimika kulala, kampuni hulipia malazi hadi euro 80 kwa usiku, si zaidi ya usiku tatu. Hapa wakithibitisha kwamba hali ya hewa ilihatarisha usalama, wanasamehewa.

Fidia ya kuchelewa kufika ni kitu kingine. Ni robo ya nauli kwa kuchelewa saa 1 katika safari ya hadi saa 4; saa 2 katika safari ya saa 4 hadi 8; saa 3 katika safari ya saa 8 hadi 24; saa 6 ikizidi hapo. Kuchelewa kukizidi mara mbili ya hapo, fidia ni nusu ya nauli. Mfano, Piraeus hadi Naxos ni saa tano na kitu: ukichelewa saa mbili ni robo, ukipita saa nne ni nusu. Kwa upepo fidia hii hailipwi, kwa injini iliyoharibika kwa kawaida inalipwa. Malalamiko yaandikwe kwa kampuni ndani ya miezi miwili. Piga picha ubao wa bandarini na tunza tiketi.

Zingatieni pia: tiketi mbili za kampuni mbili hazijuani. Ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, wa pili hana deni kwako. Acha saa tatu katikati, na kama ya pili ndiyo ya mwisho kwa siku hiyo, lala.

Migomo ipo pia. Chama cha mabaharia hutangaza mgomo wa saa 24 siku kadhaa kabla, na Mei Mosi meli nyingi husimama. Usipange kuhama kisiwa siku hiyo.

Mgeni_Mtaratibu

Je, nikiwa Kos naweza kuvuka Bodrum, Uturuki, nikashinde huko nirudi? Ni karibu sana.

Binti_Kisauni

Angalia viza yako kwanza, ndugu yangu. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda na majirani tunaingia Ugiriki kwa viza ya Schengen. Kati ya kisiwa na kisiwa hakuna uhamiaji, lakini Kos kwenda Bodrum, Rhodes kwenda Marmaris, Samos kwenda Kuşadası au Chios kwenda Çeşme unatoka Schengen na kupitia uhamiaji. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imekwisha pale pale, na jioni boti ya kurudi hawatakupandisha. Mzigo wako utakuwa hotelini Kos na wewe Uturuki. Lazima iwe ya kuingia mara nyingi, na viza ya Uturuki uwe nayo mbali.

Mgeni_Mtaratibu

Nimeelewa, yangu ni ya mara moja, naiacha Bodrum. La mwisho: nitajuaje meli yangu imechelewa nikiwa kisiwani? Ofisi ya tiketi huwa imefungwa.

MzeeWaGati

Fungua tovuti ya MarineTraffic, uandike jina la meli, lile la ubavuni, siyo la kampuni. Utaona iko wapi na inakwenda kasi gani. Mfumo huo ulianzia Chuo Kikuu cha Aegean, Wagiriki wenyewe wanautumia. Tazama kisiwa kilicho kabla ya chako: kama haijaondoka huko, hesabu muda wa kutoka huko hadi kwako, ongeza dakika kumi za gati, hiyo ndiyo saa yako halisi. Asubuhi Piraeus meli huondoka kwa saa yake. Ucheleweshaji hujikusanya kituo hadi kituo, kwa hiyo meli ya jioni inayorudi Piraeus ndiyo ya kushuku. Likikushinda, ofisi ya mlinzi wa pwani huwa bandarini penyewe au jirani yake, imeandikwa ΛΙΜΕΝΑΡΧΕΙΟ. Wao wanajua kila chombo kinachokuja. Ila usiondoke gatini kwenda kula mbali: meli iliyochelewa nusu saa inaweza kusimama dakika tatu tu ili kufidia.